Faili la Rafu ya Chini

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baba naye mzima, goti lake likiwa limemhurumia kidogo. Mimi sijambo. Kazi ya kushona sare inaendelea. Mwezi huu tunashona makoti ya wauguzi, meupe tupu, hata nikifumba macho naona weupe. Mafua yalinipata baada ya mwaka mpya lakini yamekwisha, imebaki sauti ya jogoo mzee. Najua simu umeiacha tangu masikio yaanze kukusumbua, na kusema kweli jambo hili nisingeweza kukupigia kelele kwenye simu, nyumba nzima ninayopanga ingelijua.

Shangazi, nimepata mtu. Usicheke kwanza, soma. Ni fundi wa majokofu, mgane, ana mabinti wawili walioolewa na wenye watoto wao. Anaongea huyo mtu, anaongea mpaka jokofu linaona aibu kunguruma. Mwanzoni alinichosha. Sasa asipopita jioni naona chumba kikubwa.

Amepata mkataba wa kazi nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha kugandisha samaki. Anaondoka mwisho wa Julai. Wamemruhusu kwenda na mke, lakini mke mwenye cheti. Tulipokwenda ofisi ya ndoa wakaomba hati yangu ya talaka yenye mhuri wa mahakama. Niliwapa ile karatasi niliyopewa siku ile, nimeitunza miaka yote hii kwenye bahasha, na yule mama wa mezani akaisoma mara mbili akanirudishia. Akasema hii si yenyewe.

Mahakama iko karibu na wewe. Naomba uniendee masjala uniombee nakala. Nina miaka arobaini na moja, shangazi. Sijui kama atatokea mwingine, na hata akitokea simtaki. Namtaka huyu.

Mambo mengine ya huko usiniandikie. Unajua ninayosema.

Ni mimi, binti wa kaka yako.


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nilicheka, ulikosea kunikataza. Mwambie huyo fundi kwamba huku ana shangazi ambaye hata akipiga tarumbeta hamsikii, kwa hiyo kwangu maneno yake yatakuwa salama.

Baba yako anakusalimu. Goti halijamhurumia. Redio anaifungulia mpaka hata mimi naisikia, na nimeshajisemea kwamba siku nitakapoacha kuisikia hiyo redio, basi nimekuwa kiziwi kamili na nitapumzika. Kuku wawili wamekufa na ugonjwa wa kuinamisha shingo. Paa la jikoni linavuja pale pale.

Nilikwenda mahakamani. Jengo ni lile lile refu, lenye baraza la saruji lililopasuka. Masjala ni chumba cha mwisho, kando ya choo. Dirisha hawalifungui kwa sababu mbele yake imewekwa rafu, kwa hiyo taa inawaka mchana kutwa, na makaratasi yananuka kama nguo zilizokunjwa hazijakauka. Karani ni yule yule, yule wanayemwita Taratibu. Huyo hata akishika moto atatafuta kwanza pa kuweka miwani.

Nilimpa namba ya kesi uliyoniandikia nyuma ya bahasha. Akaniambia namba hazimsaidii. Mafaili ya talaka ameyapanga kwa mambo ambayo watu waligombania: rafu ya pombe, rafu ya mashamba, rafu ya wakwe, rafu ya vipigo, rafu ya waliosafiri wasirudi. Anasema mtu akija kutafuta faili anaweza kusahau tarehe na namba, lakini aligombania nini hasahau. Mkoani walishamkaripia kwa mpango huo, na ukaguzi ukija huwa anawasikiliza, wakiondoka anaendelea. Basi akaniuliza, "Wao waligombania nini?"

Nikamwambia hamkugombana.

Akatafuta rafu ya safari, kwa kuwa uliondoka. Halimo. Akasema nirudi baada ya wiki mbili, na wiki mbili za Taratibu unazijua. Nitarudi. Usiwe na wasiwasi, kitu kilichoandikwa hakipotei hivi hivi.

Mambo uliyosema nisikuandikie sikuandikii.

Ni mimi shangazi yako.


18 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa kuku. Mwambie baba nimemshonea fulana ya ndani ya kitambaa kizito, nitaituma nikimpata mtu wa kuja huko. Mimi ni mzima, ila kiwandani wamepunguza watu na waliobaki tunashona kwa mikono minne.

Najua unajitahidi, lakini sielewi. Faili moja, mji wenyewe una barabara moja ya lami, waliowahi kuachana hapo unaweza kuwasalimia wote kabla ya chakula cha mchana. Linawezaje kukosekana? Fundi ameshanunua sanduku la safari. Ameliweka chumbani kwangu, wazi, na kila akija anatia kitu: soksi, bisibisi, picha ya wajukuu. Upande wangu bado mtupu. Hanisemi, na yeye anasema kila kitu, kwa hiyo nimejua limemkaa rohoni.

Tafadhali rudi kwa huyo mzee. Kama Seremala, huyo niliyeachana naye, ndiye aliyelichukua hilo faili, au kama anataka kuoa na yeye linamkwamisha, basi ni jambo la wote na asaidie kulisukuma. Hili tu ndilo nitakalosema juu yake.

Ni mimi binti yako.


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mvua zimeanza na ndoo ziko nne jikoni. Baba yako aliteleza bafuni lakini hakuvunjika, alivunjika moyo tu kwa sababu redio ilianguka naye. Imetengenezwa. Fulana anaisubiri.

Faili limeonekana. Keti kabla hujaendelea.

Lilikuwa rafu ya chini kabisa, ile inayogusa sakafu, ambapo Taratibu huweka watu walioanza hawajamaliza. Kumbe ile amri uliyopewa siku ile ni ya kwanza tu. Sheria inawapa watu miezi mitatu ya kujifikiria, na baada ya hapo mmoja wenu alitakiwa arudi kuomba amri ya mwisho. Wewe uliondoka wiki ile ile. Taratibu anaapa alikwambia. Mimi nikamwambia siku ile hata ungeambiwa nyumba inaungua usingesikia.

Kwa hiyo, mwanangu, kwa serikali wewe bado ni mke wa mtu. Miaka tisa.

Nilimuuliza kwa nini hakulifunga. Kanuni inasema faili lisilorudiwa na mtu kwa mwaka mmoja linapelekwa ghala la mkoa, na likifika huko ndiyo limezikwa. Akasema yeye hapeleki faili la rafu ya chini bila kuwauliza wenyewe. Kila mwanzo wa mwaka akikutana na mtu wa rafu hiyo, sokoni au kwa kinyozi, humuuliza wamefikia wapi. Wengi, anasema, walirudiana hivyo hivyo, kwa kuona haya ya kuulizwa. Wewe hakukupata akuulize. Seremala alikuwa akienda pale kukarabati mabenchi ya mahakama, kwa hiyo alikuwa akimuuliza yeye. Na kila mwaka Seremala alimjibu vile vile: "Bado tunazungumza."

Basi Taratibu akawa analiacha faili pale pale.

Nimekutumia fomu ya maombi. Itie sahihi pale kwenye alama yangu ya penseli uirudishe. Seremala atapelekewa taarifa, naye akitia sahihi kwamba hapingi, hakimu akija Alhamisi anagonga mhuri. Akipinga, ni kesi upya.

Seremala hatoki sana siku hizi. Nimeona nikwambie hilo tu.

Shangazi yako.


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Salamu zote utazifikisha mwenyewe, leo sina mkono wa salamu.

Fomu hii hapa, nimetia sahihi mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Tunazungumza? Aliyasema hayo kwa kinywa kipi? Wewe ulikuwepo, shangazi, wewe ulikuwa unakuja na chakula. Siku mtoto wetu alipofariki yule mtu aliingia karakana yake, akafunga mlango, akatengeneza lile sanduku dogo mwenyewe. Mimi nilikaa nje kwenye rundo la mbao nikisikia randa inakwenda na kurudi. Nilijua kila ubao anaoupiga. Alipotoka, hakuniambia neno. Tukazika, hakuniambia neno. Ikapita miezi, analeta unga, anachota maji, anatengeneza kitasa kilichovunjika, ananisogezea kiti, na neno hakuna. Nilimlilia, nikamtukana, nikamrushia sahani. Aliokota vigae. Nilikuwa naongea peke yangu humo ndani mpaka nikaanza kuiogopa sauti yangu.

Mbele ya hakimu aliulizwa kama ana la kusema. Aliangalia ile rafu iliyoziba dirisha. Ndiyo maana nilipewa amri siku hiyo hiyo, hakukuwa na mtu wa kupinga.

Na huyo ndiye anayemwambia karani tunazungumza. Miaka tisa ananifunga kwa uongo wa maneno mawili, na mimi nilikuwa tayari kutoa nyumba nilisikie hata moja.

Fundi hajui kama niliwahi kuwa na mtoto. Sikumficha, sikumwambia tu. Sijui utaielewaje hiyo tofauti, mimi mwenyewe siielewi vizuri.

Peleka hiyo fomu, shangazi. Ofisi ya ndoa wametuwekea katikati ya Julai, ikipita hapo hakuna nafasi nyingine kabla hajaondoka.


20 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima na hasira imeshuka. Baba yako amepokea fulana, anaivaa juu ya shati ili watu waione. Mvua zimepungua.

Fomu yako ilifika zamani. Iko juu ya kabati langu, chini ya sahani. Sijaipeleka, na nitakwambia kwa nini, na ukitaka kukasirika utakasirika.

Ulinikataza kukuandikia habari zake nikatii. Lakini sasa kunyamaza kwangu kumekuwa uongo. Seremala anaumwa. Ni mapafu. Vumbi la mbao la miaka yote hiyo, anasema daktari, na jingine ambalo daktari hakulitaja kwangu kwa sababu mimi si ndugu. Karakana imefungwa tangu mwaka jana. Amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba ya kupimia. Nampelekea uji asubuhi na supu jioni. Hana mtu. Huwa tunakaa barazani kwake, mimi sisikii na yeye hasemi, tunaelewana vizuri sana. Baba yako akitaka kujua hali yake bado anamwita mkwe, nimeshachoka kumsahihisha.

Hatafika mwisho wa mwaka. Huenda hatafika mbali hata kidogo.

Nikafikiri hivi, na Mungu anisamehe. Nikisubiri kidogo, hutahitaji karatasi ya Taratibu. Utakuwa mjane, na mjane anaolewa kwa cheti cha kifo tu. Na yeye atakuwa ameondoka akiwa na mke, hata kama ni mke wa kwenye rafu. Sikuona nani angeumia. Halafu kila asubuhi nikimnywesha uji najiona kama mtu anayechungulia chungu kama kimeiva. Siwezi tena, mwanangu. Najionea aibu.

Niandikie neno moja. Niipeleke au nisiipeleke. Utakachosema nitakifanya, wala sitakuhukumu.

Shangazi yako.


6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mpelekee. Sitaki kwenda kwenye ndoa yangu kwa kungoja mtu afe.

Msalimie baba. Mwambie Seremala pole.


25 Juni

Mwanangu,

Baba yako anakusalimu, mimi ni mzima, kuku waliobaki wanataga. Ndani ya bahasha hii kuna hati yenye mhuri. Iangalie kwanza, kisha ndio usome.

Siku niliyopata barua yako nilikwenda masjala. Kwa kawaida taarifa hupelekwa na tarishi wa mahakama kwa baiskeli. Taratibu alimtazama tarishi, akanitazama mimi, akachukua kofia yake akafunga ofisi kwa kufuli mchana kweupe. Tukaenda wote kwa miguu. Sijawahi kumwona akitembea mbali zaidi ya kinyozi.

Seremala alikuwa kitandani, kitanda amekisogeza ukumbini apate hewa. Chumba kisafi. Kwenye dirisha ameweka vipande vya mbao alivyokuwa anavijaribu, vimepangwa kwa urefu. Taratibu alimsomea taarifa yote, kila mstari, hata anwani ya mahakama. Seremala alisikiliza mpaka mwisho, nami nikamwambia kwamba kuna bwana anayetaka kukuoa. Kisha akaniuliza jambo, na kwa kuwa anaongea chini nilimwambia anisogelee sikio arudie.

Aliniuliza, "Huyo bwana anaongea?"

Nikamwambia anaongea mno, anaongea mpaka anachosha watu.

Akatikisa kichwa. Akasema vizuri. Akaomba kalamu, akatia sahihi polepole, sahihi nzuri iliyonyooka, hata Taratibu akaisifu.

Tulipokuwa tunaondoka akanishika kanga. Alihangaika kutafuta pumzi, nikadhani anataka maji. Akasema, "Mwambie mlango sikuutia komeo. Niliurudisha tu." Nilimuuliza mlango upi. Akasema wewe utajua. Nilikaa nikingoja aongeze, lakini maneno yalikuwa yamekwisha, akageukia ukuta.

Hakimu aligonga mhuri Alhamisi. Uko huru, mwanangu. Nilitaka kuandika hongera, mkono umekataa.

Shangazi yako.


11 Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hati imefika salama. Ofisi ya ndoa wameikubali, tunafunga Jumatano ijayo, tunasafiri tarehe ishirini na nane. Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie baba kabla ya kusafiri nitapiga simu kwa jirani aongee naye, wewe nitakuandikia.

Kwenye hati kuna mstari unaosema: watoto wa ndoa, mmoja, marehemu. Sikuwa nimeufikiria. Fundi aliisoma mezani kwangu huku anaongea, anaongea, akafika hapo akanyamaza. Shangazi, niliogopa. Niliusikia ule ukimya wa zamani ukiingia chumbani na viatu vyake. Nikasema basi, imekwisha, nimeuleta mwenyewe kwa mhuri. Kisha akaniuliza jina la mtoto. Nikamtajia. Tangu tulipomzika sikuwahi kulitamka. Akaniuliza alikuwa anapenda nini, nami nikamwambia, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Sasa naomba jambo la mwisho. Karatasi hii nyingine ni ya Seremala. Sijaifunga. Msomee, msomee kwa sauti yako ile ya kiziwi, asikie kila kitu.

*

Seremala,

Shangazi amenifikishia habari ya mlango. Nilikuwa nimekaa pale nje kutwa nzima, hatua chache tu, na nilikuwa na hakika umetia komeo. Sikuusukuma. Sikuwahi hata kuugusa.

Sikukasirika kwamba ulilitengeneza lile sanduku. Nilikasirika kwamba ulilitengeneza peke yako. Kama ningeingia, ningekushikia ubao.

Nimesikia umekuwa ukiwaambia watu kwamba bado tunazungumza. Nilichukia sana niliposikia. Sasa sichukii. Kama una la kunijibu, mwambie shangazi, ataandika. Nitasubiri hata likiwa neno moja.

Naolewa wiki ijayo na mtu mwema. Ahsante kwa sahihi.


30 Julai

Mwanangu,

Naandika kwa anwani mpya, kwa hiyo barua hii itakuwa imevuka nchi ambazo mimi sitaziona. Natumaini mmefika salama, na hicho kiwanda si cha baridi kama ninavyokifikiria. Vaa soksi mbili. Baba yako alifurahi kwa ile simu. Tangu siku hiyo anawaambia watu ana wakwe wawili, nami nimeacha kumsahihisha.

Karatasi yako ilifika tarehe ishirini na tatu. Seremala tulimzika tarehe kumi na nne.

Nimeona nikwambie moja kwa moja, kuzunguka hakusaidii. Alifariki asubuhi, uji ukiwa bado moto mkononi mwangu. Hakuteseka sana siku ile. Jeneza tulinunua lile la dukani kwenye barabara ya soko, misumari mitupu, hakuna kiungo hata kimoja kilichokaa sawa. Angeliona angekataa kuingia. Watu walikuwa wachache. Tulimlaza karibu na mtoto, nafasi ilikuwepo. Ofisi ya vifo waliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni shangazi wa aliyekuwa mke wake. Yule kijana wa mezani akatafuta pa kuliandika hilo, hapakuwepo, akaandika jirani.

Karatasi yako nilikwenda nayo kaburini nikaisoma yote, kwa sauti ile uliyotaka. Waliokuwa wanapita njiani wamesikia mambo yenu yote, nisamehe. Baadaye nikawa naizungusha nyumbani. Nikiiweka kabatini naona kama nimemwibia. Kuichoma sikuweza. Mwishowe nikaenda nayo masjala.

Faili lenu lilikuwa mezani kwa Taratibu tangu hakimu agonge mhuri. Amri ya mwisho ikitoka, faili hupanda kwenye rafu ya sababu yake, na lenu alikuwa hajajua alipandishe wapi. Nikampa karatasi. Aliisoma polepole, akaivua miwani akaifuta, akaivaa akaisoma tena. Akaniambia kwamba kanuni hairuhusu karatasi yoyote kuingia faili baada ya amri ya mwisho. Nikasema najua, nitairudisha nyumbani. Lakini alikuwa ameshaanza kutoboa matundu. Akaifunga kwa kamba nyuma ya ile hati yenye mhuri, akakaza fundo.

Kisha akainama, mkono mmoja kiunoni, akalirudisha faili kwenye rafu ya chini.

Nilidhani amesahau. Nikamkumbusha kwamba wale wameshaachana, mhuri umegongwa mbele yake, na mmoja wao yuko kaburini. Alisimama taratibu kama kawaida yake, akanigeukia ili niuone mdomo wake vizuri.

"Hawa wameanza juzi tu," akasema.

Nikarudi nyumbani. Mvua imekwisha, paa nitaliziba mwezi ujao nikipata fundi. Nisalimie mumeo, mwambie asiache kuongea hata siku moja, na wewe ukikuta mlango umerudishwa, sukuma.

Ni mimi shangazi yako, ambaye bado naisikia redio.